Kaktasi Imenifia Mkononi

Jamani, mimi ni wa kuua kaktasi? Mmea wa jangwani! Kule Laikipia, Kenya, mpungate, nao ni kaktasi, umevamia malisho mpaka wafugaji wakaletewa wadudu maalumu wa kuufyonza. Gharama zote hizo za nini? Wangeniita mimi na jagi langu.

Maana mmea wangu nilikuwa naupenda, bwana. Asubuhi maji, jioni maji. Joto hili la Dar, utamnyimaje kiumbe maji? Na chungu nilinunua cha kauri, cha bei, hakina tundu hata moja. Tundu la nini, maji yachuruzike juu ya kabati la mama watoto?

Basi ukaanza kuinama. Nikauwekea kijiti. Shina chini likawa la kahawia. Nikabonyeza, kidole kikazama chote, kikatoka na harufu ambayo sabuni imeshindwa kuiondoa. Jirani akasema ni hasidi. Nikaafiki, nina mtu nimemshuku siku nyingi.

Nikaupakata mpaka kwa dogo anayeuza maua barabarani. Akainamisha chungu. Maji yakamwagika, mengi, juu ya kiatu changu. Akaniangalia kama nesi anavyomwangalia mzazi aliyechelewesha mtoto kliniki. "Mshua, hii imezama." Eti mizizi nayo inataka hewa, maji yakituama inaoza, na uozo unapanda juu. Watu wakageuka. Dada mmoja mwenye waridi akatikisa kichwa. Simjui!

Akanipa masharti. Futa kisu kwa spiriti, kata palipooza mpaka uone kijani kitupu. Nikakata, doa. Nikafuta kisu, nikakata, doa. Mmea uliofika gotini umebaki kipande kimoja, saizi ya kiganja. Kipande chenyewe hakipandwi leo, eti kilazwe kivulini wiki nzima kidonda kifunge. Mimi nikiumwa nani ananipa wiki?

Nikasema angalau mchanga nimejiandaa, ndoo nzima kutoka Coco Beach. Dogo akacheka mpaka akashika ukuta. "Una chumvi huo, mshua!" Anataka mchanga mkavu wa kujengea, ule wa chenga nene, na vikokoto, udongo kidogo tu, na chungu chenye matundu. Ukishapanda, hakuna maji kwanza. Hakuna!

Na ile miiba mikubwa si kitu, unaiona. Kuna vinyweleo vidogo vyenye ndoana, havionekani. Nilijifuta jasho shingoni kwa mkono uleule nilioushikia mmea. Mama watoto akabandika soltepu, akavuta. Akabandika, akavuta. Watoto wanashika tochi ya simu, wanahesabu kwa sauti, majirani wanasikia.

Sasa kipande kimelala juu ya gazeti karibu na friji, mimi nimepigwa marufuku kukisogelea. Jana usiku nimeamka na kiu, kama binadamu yeyote. Nimejaza glasi, sijafika hata mlangoni, sauti ikatoka chumbani:

"Baba Neema! Hayo maji unayapeleka wapi?"