Wiki ya Mbalamwezi

Dagaa wa Ziwa Viktoria huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikishika, taa haziwavuti tena, mitumbwi hupumzika, na mke wangu, mnunuzi wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba, hupata siku chache za kukaa nyumbani. Ndizo tulizozitenga ili tuhamishie daftari lake la madeni kwenye kompyuta.

Binti yetu alikuwa ametengeneza programu ya hesabu, akaifungasha katika kontena la Docker. Ni kama kontena la bandarini: kila inachohitaji programu kimo humo humo, popote utakapolishusha.

Kompyuta yetu ni ya mezani, haina betri. Usakinishaji wa Docker ukiwa katikati, pasi ya sare za shule ikamaliza uniti za LUKU. Umeme uliporudi, mfumo wa Ubuntu ukagoma kusakinisha chochote hadi tulipoandika sudo dpkg --configure -a, amri ya kumalizia kazi iliyokatika. Kisha nikanyimwa ruhusa ya kuendesha Docker. Binti akaniingiza kwenye kundi la docker, bado nikakataliwa.

"Baba, toka kwanza, uingie upya."

Mfumo husoma makundi yako wakati wa kuingia. Na aliye kwenye kundi hilo ana nguvu sawa na msimamizi mkuu, kwa hiyo wadogo zake binti tukawafungulia akaunti yao.

Usiku huo mke wangu alisoma, binti akaandika: nani kachukua magunia mangapi, nani kalipa nusu. Walimaliza saa saba. Asubuhi binti akarekebisha kosa dogo kwenye programu, akalifuta kontena la zamani, akawasha jipya. Likaja tupu. Kilichoandikwa ndani ya kontena hufutika nalo, isipokuwa kimehifadhiwa nje, kwenye voliumu, nasi voliumu hatukuiweka. Kwa maoni yangu, hilo lingefundishwa kabla ya amri nyingine yoyote.

Midomo ya mtoto ilitetemeka. Mama yake hakusema neno. Aliingia chumbani, akatoka na daftari lile lenye harufu ya dagaa, ambalo binti alishamwomba mara mbili alitupe. Akaketi, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza.

"Weka hiyo voliumu yako, mwanangu. Halafu tuandike."

Waliandika mpaka adhuhuri. Binti akalifuta kontena tena, safari hii kwa makusudi, mbele yetu sote, akawasha jingine. Madeni yote yalikuwepo.

Usiku ule mwezi ulichelewa kuchomoza. Mke wangu akaanza kukunja magunia.