Sifa za Jalada Lisilo na Haraka

Wengine wasifu ndege, wengine wasifu simu zinazotuma fedha kabla mtu hajamaliza kupiga chafya. Mimi nalisifu jalada: lile la kaki, lenye kamba pembeni na duara la chai mgongoni. Mwenda pole hajikwai, na jalada letu, ambalo haliendi kabisa, halijapata hata mkwaruzo tangu litoke masjala.

Tazama heshima yake. Halitembei kwa miguu kama sisi. Hubebwa kifuani kama mtoto mchanga, huandikwa kitabuni likitoka na huandikwa tena likifika. Mkuu wa idara anaweza kusimama kwenye daladala kutoka Mbagala hadi Posta. Jalada husafiri milango minne tu, na kwenye kila mlango lina trei yake ya kulalia.

Wapo wanaolionea gere. Hawa mawazo yao yanatoka Japani hata kama wenyewe wamezaliwa Morogoro. Mwalimu wao ni Taiichi Ohno, mhandisi wa Toyota, aliyehesabu aina 7 za upotevu kiwandani: kuzalisha kupita mahitaji, kusubiri, kusafirisha vitu bila sababu na nyinginezo ambazo ofisini kwetu ndizo ratiba ya siku. Upotevu huo wote Wajapani wanauita muda. Nilipolisoma neno hilo nilivua miwani nikaifuta. Ndilo lilelile tunalomwomba mwananchi kila asubuhi: “Tupe muda kidogo, mzee wangu.” Naye, kwa ukarimu wake, hutupa. Mjapani hutupa muda, mwananchi wetu naye hutupa muda; Kiswahili hakikuona haja ya kuwatenganisha.

Mwaka jana kitengo chetu kiliishiwa karatasi. Nikaandika dokezo kuomba rimu 2. Mkuu wa kitengo akaandika, “Naunga mkono.” Likapanda kwa mkuu wa idara, akaandika, “Uhasibu, maoni yenu?” Uhasibu wakasema kifungu kipo. Likashuka ugavi, nao wakauliza: karatasi za ukubwa gani? Swali likarudi kwangu kwa kupitia milango ileile, kila mlango ukiongeza saini. Nikajibu: A4. Herufi moja na tarakimu moja, safari ya siku 9. Ukijumlisha dakika ambazo kalamu iligusa karatasi, hazifiki 15. Saa zote zilizobaki jalada lilikuwa limepumzika, na nani atamnyima mapumziko mzee wa umri ule? Tena kwa kuwa kila hatua ilidai nakala 3, tulikopa rimu kitengo cha jirani ili tuombee rimu.

Ohno hangetuelewa. Yeye alivutiwa na maduka makubwa ya Marekani, ambako rafu hujazwa kadiri wateja wanavyochukua, akaupeleka mpango huo kiwandani kwa kadi za kanban. Mangi, mwenye duka wa mtaani kwetu, anafanya vivyo hivyo bila kadi: sukari ikishuka chini ya alama aliyoichora kwenye ndoo, anapiga simu. Lakini Mangi hana masjala, maskini. Hana hata mtu wa kumwandikia “Tujadili” pembeni mwa ukurasa.

Hata kamba wanayo. Kwenye laini ya Toyota mfanyakazi yeyote akiona kasoro huvuta kamba, wakubwa wakaja mbio, na kasoro isipoondolewa haraka laini nzima husimama. Nasi kamba tunayo, ile ya jalada. Ukiivuta, folio ya tatu inachomoka na kupotea, kisha linafunguliwa jalada jipya la kuitafuta.

Huko hospitalini mambo yamekwisha haribika. Tangu 2007, Hospitali ya Rufaa Mbeya ikitangulia, wahudumu wamefundishwa zile S 5 za Wajapani: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Visivyotumika vikatolewa, rafu zikabandikwa lebo, kila kitu kikapewa mahali pake. Sasa muuguzi akitaka kitu anakwenda kukichukua, basi. Hakuna kuulizana, hakuna kulaumiana, hakuna ile raha ya kufungua droo ukakuta memo ya bosi aliyestaafu.

Husimuliwa pia kwamba Ohno alikuwa akichora duara la chaki kwenye sakafu ya kiwanda na kumsimamisha mtu ndani yake kwa saa nyingi, atazame tu, mpaka auone upotevu kwa macho yake. Sisi duara hilo tunalo siku zote, ila tumelitengeneza kwa mbao na kuliweka koridoni, mkabala na mlango wetu.

Wiki iliyopita watu watatu tulikuwa tunatafuta jalada la mirathi. Tulifungua makabati, tukapiga simu masjala, tukatupiana lawama, tukapumzika kidogo na kumimina chai. Mwenye shida yake, mzee mmoja aliyekuwa kwenye benchi lile tangu Jumatatu, akabisha hodi.

“Shikamoo, mzee. Tupe muda kidogo, bado tunalitafuta.”

“Marahaba. Samahani, wanangu,” akasema. “Si hilo mlilowekea chupa ya chai? Lipo hapo tangu juzi.”