Usukani Umenyooka, Gari Halijanyooka

Ukiwa na gari linalovuta kushoto hapa Dar es Salaam, usitegemee kuhurumiwa. Fundi atakwambia barabara zetu zimelalia kushoto. Hilo ni kweli: barabara hulazwa kidogo kuelekea ukingoni ili maji ya mvua yakimbilie mtaroni. Mtaro wenyewe umeziba tangu masika ya juzi na maji yamejikalia palepale barabarani, lakini mlalo upo, na mafundi wameshautwisha lawama zote za mjini. Jirani atasema ni upepo wa tairi. Mama Asha, abiria wangu wa kudumu, atasema ni simu.

"Weka simu chini uone kama halitanyooka."

Niliweka simu chini. Likaendelea kuvuta.

Gari lenyewe silisemi. Limefanya kazi Japani ujana wake wote, likapakiwa melini, likaletwa kustaafia kwangu, na badala ya pensheni likakuta matuta. Lina haki ya kuchoka. Ninaowasema ni binadamu wanaolizunguka, ambao kikipinda kitu wananyoosha kile kinachoonekana, kilichopinda wanakiacha kiendelee na shughuli zake.

Fundi wa kwanza hakulala chini ya gari. Hata kuchuchumaa hakuchuchumaa. Alilijaribu hadi kwenye kona, akaona kwamba ili liende mbele lazima usukani uelekezwe kulia kidogo, akarudi na ugonjwa mkononi: "Mzee, usukani wako umekaa upande." Akachomoa ule mfuko wa hewa wa katikati, kitu chenye baruti ndani yake, akaulaza kwenye kiti cha abiria juu ya kitenge cha Mama Asha. Akafungua nati, akauvuta usukani, akauhamisha jino moja, akaurudisha. "Endesha sasa."

Nikaendesha. Usukani ulikuwa umenyooka, huna pa kuutoa kasoro. Nikiukaza, gari lilikwenda mbele. Nikiulegeza, lilielekea kwenye banda la chipsi.

Fundi wa pili alilala chini, na kwa hilo Mungu ambariki. Akatikisa gurudumu la kushoto, akasema tairodi imekwisha, na kweli ilikuwa imekwisha, ukiishika inacheza. Akaweka mpya. Sasa, tairodi huingia kwenye nyuzi za skrubu, na anayeitoa anatakiwa ahesabu mizunguko ili mpya ikae pale ilipokuwa ile kuukuu. Yeye alitumia jicho. Alifumba moja, akalitazama gurudumu hili, akalitazama lile, akasema, "Hapo hapo." Jicho la binadamu halisomi milimita, na magurudumu ya mbele yanadai milimita: nafasi kati yake, ukiipima kwa mbele na ukiipima kwa nyuma, inatakiwa ilingane au ipishane kidogo mno. Yakitazama nje, kila uendapo unayaburuza kwa ubavu, na tairi linaliwa upande wa ndani, kule usikokuona mpaka waya zitoke zikusalimie.

Ndipo nikaamua kulifungua mwenyewe, nyumbani, Jumamosi, uani kwangu.

Mtaani kwetu ukipandisha gari kwenye jeki umetangaza mkutano. Wanaume ambao siku ya usafi wa mtaa wote huwa na msiba wa mbali walijitokeza wakiwa wazima wa afya. Akaja Mzee mmoja mstaafu wa bandarini, akapewa shikamoo zake na kiti. Akaja kijana wa bodaboda na pikipiki yake, ambayo yenyewe haina breki ya mbele, kuja kunishauri kuhusu breki. Akaja pia shemeji yangu, aliyesema anapita tu, akaagiza chai.

Nilikuwa nimeliendesha kidogo kwanza, makusudi. Nikagusa rimu ya kulia: vuguvugu. Nikagusa ya kushoto: mkono ulirudi wenyewe. Nikanyunyizia maji, yakalia chwaa. Nikaegesha mawe nyuma ya magurudumu ya nyuma, nikapiga jeki, nikaweka stendi, maana jeki peke yake si ya kuiamini ukiwa na watoto wanaokutegemea. Gurudumu la kulia nililisukuma kwa mkono likazunguka. La kushoto liligoma. Breki ilikuwa imelishika na hakuna aliyekanyaga. Barabara iliyotwishwa lawama, simu iliyosingiziwa, zote hazikuwa na hatia: gari lilikuwa linavutwa kushoto na breki yake lenyewe.

"Masta hiyo," akasema Mzee. "Nunua masta silinda."

"Mpira wa breki umevimba ndani," akasema bodaboda. "Unaruhusu mafuta yaende, hauruhusu yarudi."

Hapa nimtendee haki kijana, jambo hilo lipo. Na dawa ya ubishi ipo pia, haina gharama: unalegeza kile kinati cha kutolea upepo kwenye kalipa. Gurudumu likiachia, basi kuna presha iliyonaswa, tafuta kwenye mpira au kwenye masta. Likiendelea kung'ang'ania, kesi iko kwenye kalipa yenyewe. Nikalegeza. Mafuta yakadondoka, gurudumu likabaki vilevile. Wote wawili wameshindwa. Mzee akasema hicho ndicho alichokuwa anamaanisha.

Kalipa hutembea juu ya pini mbili. Ukikanyaga breki inasogea, ukiachia inalegea. Pini ya juu ilitoka vizuri. Ya chini ilitoka kwa mafuta ya taa, nyundo na maneno ambayo watoto waliambiwa waingie ndani wasiyasikie. Kimpira chake kilikuwa kimechanika, na chumvi ya bahari ikaingia ikakaa miaka bila kulipa kodi. Kutu ilikuwa imeganda rangi ya matofali. Zaidi ya hapo, mtu fulani aliyewahi kutibu breki hii alikuwa ameipaka grisi ya beringi, ile inayovimbisha mipira, wakati pini hizi zinataka grisi yake ya silikoni. Tena kwa mkono mkunjufu, kama anayepaka mkate siagi.

Kimpira kipya nilikifuata Kariakoo, kwa bodaboda yule yule, nikimshikilia kiuno kwa imani. Dukani niliulizwa nataka orijino, orijino kabisa, au orijino yenyewe. Bei zilitofautiana, mfuko ulikuwa mmoja. Nikachukua ya katikati, kwa sababu ndivyo wanavyofanya watu wasiojua wanachonunua lakini hawataki ijulikane.

Nikapiga pini msasa, nikaisafisha, nikaipaka grisi yake, ikateleza mpaka nikaichezea mara mbili tatu kwa raha tu. Kabla ya kuweka brekipedi mpya lazima uisukume pistoni ndani, na ukiisukuma mafuta ya breki yanapanda kwenye kikopo chake juu, kwa hiyo unafungua kifuniko na kunyonya yanayozidi. Shemeji alipewa kazi hiyo moja. Akamwaga kwenye bawa la gari. Mafuta ya breki yanakula rangi. Nikayamwagia maji mbio mbio, naye akaniuliza kwa utulivu kama kuna chai nyingine.

Mafuta yenyewe yalikuwa yamekuwa meusi hata hivyo, nikaamua kuyabadilisha yote. Mafuta haya hunywa unyevu wa hewa, na hewa ya pwani yetu ni supu. Yale ya DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi 205. Yakishalewa maji, 140 tu yanatosha. Yakichemka yanatoa mvuke, pedali inazama, na kama wakati huo unateremka mlima Kitonga, utawakumbuka wote uliowahi kuwakosea.

Basi tukafika kwenye kutoa upepo, kazi inayohitaji watu wawili wanaosikilizana. Mimi chini na spana na chupa ya maji ya kunywa. Mama Asha kwenye kiti cha dereva.

"Pampu!"

"Napampu."

"Shikilia!"

Nikafungua kinati, upepo ukatoka ukipiga mapovu. Kabla sijafunga, mapovu yakageuka yakarudi ndani.

"Umeachia?"

"Sijaachia. Nimepumzika."

Tukaanza upya. Sasa mkutano nao ukaona usibaki nyuma. Mzee akapaza sauti: "Shikilia!" Bodaboda: "Achia kidogo!" Shemeji: "Pampu dada, pampu!" Mama Asha akatoa kichwa dirishani akauliza mwenye gari ni nani hapa, ili ajue anamtii yupi. Kimya kikapita. Tukamaliza kazi katika kimya hicho, na pedali ikapanda juu ikawa ngumu inavyotakiwa.

Jioni nikafunga uzi wa mwashi pande zote mbili, sambamba na gari, nikapima kwa rula kutoka kwenye uzi hadi ukingo wa mbele wa rimu, kisha ukingo wa nyuma. Unalegeza nati, unazungusha tairodi robo mzunguko, unalisukuma gari mbele na nyuma ili matairi yatulie, unapima tena. Ni kazi ya subira na haina mvuto, kwa hiyo mkutano ulianza kupungua. Aliyebaki ni mtoto wa jirani na baiskeli yake, naye alikuwa anasubiri nifungue uzi ili apite.

Nikaliwasha. Halikuvuta kushoto, halikuvuta kulia. Nikaachia usukani kidogo, likaenda mbele mithili ya lililofundwa. Ila usukani sasa ulikuwa umelala upande, kwa sababu lile jino moja la fundi wa kwanza lilikuwa limewekwa kwa kipimo cha breki mbovu, na breki mbovu haipo tena.

Mama Asha aliutazama. "Umeharibu," akasema. "Ulikuwa umenyooka."

Na mtaa mzima ukamuunga mkono.

Jumatatu nikalipeleka kupiga alaimenti, kwa sababu uzi unakufikisha karibu, mashine ndiyo inayokufikisha. Kijana wa pale akafunga vifaa vyake magurudumuni, kompyuta ikaonyesha namba, nyingi za kijani. Nikamwonyesha kila moja ya kijani, asije akadhani zilijifanya zenyewe. Kisha akachomoa waya wa betri, akasubiri dakika kadhaa kabla ya kugusa ule mfuko wa hewa, nikampenda palepale. Akarudisha jino mahali pake. Usukani ukanyooka, na safari hii gari nalo.

Nikaomba punguzo, maana kazi kubwa nilikuja nimeimaliza.

"Mzee, mashine haijui gari limekuja limepinda kiasi gani. Inachojua ni kwamba limepanda."

Nikalipa. Nikaomba risiti. Akasema mashine ya risiti inasumbua, mtandao uko chini tangu asubuhi. Nikamwambia asijali, nina spana zangu kwenye buti, niifungue niitazame.

Mtandao ulirudi hapo hapo.