Jirani na Vikopo Vyake

Hongera, jirani, kwa mashine mpya ya kahawa. Mngurumo wake tunausikia mpaka huku. Umebaki, unasema, na mtihani wa kuchagua vikopo: vya zambarau, vya kijani au vya dhahabu? Kila kimoja kina gramu tano au sita za unga, kimezibwa kwa alumini kama dawa ya hospitali. Kikombe kimoja, kwisha.

Pole sana. Biashara hiyo ilianzishwa na Waswisi mwaka 1986, watu wasiolima kahawa. Wewe uko Songea, na kilomita mia hivi kutoka sebuleni kwako Wamatengo wa Mbinga wanalima arabika milimani tangu miaka ya 1920. Lakini ile ya jirani haina hadhi. Sharti iende mnadani, ivuke bahari, ikaangwe ugenini, ipewe jina la Kiitaliano, ndipo irudi kwetu ikiwa na adabu.

Umeme usikutishe, gridi ya taifa ilitufikia 2018. Ukikatika, karibu kwetu. Sufuria yetu haina rangi za kuchagua, na kahawa ni ya Mbinga.