Jinsi ya Kuwa Mgeni Ofisini Kwako

Nunua daftari dogo kwa hela yako mwenyewe. La ofisini utalisainia, na ukishasaini umekuwa mwenyeji.

Kisha mfuate mwanaanthropolojia Bronisław Malinowski. Mwaka 1915 alifika visiwa vya Trobriand, Papua Guinea Mpya, akawakuta watu wanavuka bahari kwa mitumbwi ili wapeane mikufu ya makombe mekundu na vikuku vya makombe meupe. Mikufu huzunguka upande huu, vikuku upande ule, na hakuna wa kukaa navyo sana; sifa ni kupokea na kupitisha. Mzunguko huo wenyewe wanauita kula. Usicheke. Huko hakuna anayekula kitu.

Sasa vuta kiti karibu na masijala, ulifuatilie jalada moja. Linaingia kwa ofisa, linatoka na "naomba mwongozo." Linapanda kwa mkuu, linashuka na "tuzungumze." Linarudi kwa ofisa yuleyule limenenepa, na kila aliyeligusa heshima yake imepanda.

Usione haya kuwachunguza watu wa kwenu. Jomo Kenyatta, mwanafunzi wa Malinowski kule London, aliandika kitabu kuhusu Wakikuyu wenzake, kikatoka 1938. Yeye baadaye alipewa nchi. Wewe omba tu usihamishwe.

Shughuli iko kwenye kuuliza. "Kwa nini" ni swali la mkaguzi, na mkaguzi hujibiwa kwa kikao. Subiri chai ya saa nne, uwe na andazi mkononi, uulize kama unayeulizia bei ya ndizi:

"Samahani dada, hivi nakala ya nne ya fomu ya likizo huwa inaenda wapi?"

"Kabatini."

"Kabati la nini?"

"La nakala za nne."

"Alianzisha nani?"

"Mdogo wangu, sisi tulikuta hivyo."

Liandike jibu hilo neno kwa neno, kisha umalize andazi lako. Ukiongeza swali, umeharibu.

Ila fanya haraka. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Malinowski alikaa Trobriand karibu miaka miwili, lakini wewe jembe lako litakuja kwa barua: umeteuliwa katibu wa kamati ya kupitia fomu zote. Utasaini nakala nne. Ya nne utaipeleka mwenyewe. Kabati lina kufuli, ufunguo aliondoka nao mzee aliyestaafu, kwa hiyo ipenyeze pale juu, mlango ulipopinda. Wote hupenyezea hapo.