Jinsi ya Kushindana na Jua la Ngaremara

Kwanza nunua ubao. Si ule wa rangi na brashi. Huo husomeka saa sita mchana bila umeme, utakukosesha uhondo wote. Nunua wa taa nyekundu za LED, wenye maandishi yanayotembea. Andika KINYOZI – KARIBU, uutundike mlangoni kuelekea barabara ya Moyale, kisha ukae kwenye benchi hadi mzee aje akuulize, "Kijana, hapa mnanyoa?"

Sasa mjue mpinzani wako. Ngaremara haijafika hata digrii moja kaskazini mwa ikweta, na jua la mchana hapa humwaga laksi kama 100,000. Ukuta uliopakwa chokaa nyeupe, ukipigwa na jua hilo, hung'aa kandela zipatazo 25,000 kwa kila mita mraba. Ubao mzuri wa nje hutoa 5,000 hivi. Yaani ukuta wako mwenyewe, usiokula tokeni hata moja, umeushinda ubao mara tano.

Kwa hiyo chagua ubao wenye uso mweupe, unapendeza dukani. Ule mweusi usio na mng'ao, wenye vijikofia juu ya kila mstari wa taa, waachie wengine. Weusi humeza jua badala ya kulirudisha, na herufi haina haja ya kulishinda jua. Inatosha iushinde uso ilipokaa. Mchungaji wa hapa analijua hilo. Ujumbe wa M-Pesa ukiingia, hahangaiki na mwanga wa simu: hujifunika shuka kichwani, akasoma salio lake gizani, akatoka. Usimwige.

Taa hazionekani bado? Mwambie fundi aongeze umeme. Jicho ni bahili. Ukilipa mwanga maradufu, halitaona maradufu, litahisi tu kama kuna kitu kimebadilika. Taa nyekundu nazo hufifia zikipata joto, basi saa nane mchana, unapozihitaji kweli, ndipo zinapolegea. Isitoshe, ubao wa kawaida wa P10 una taa 512 katika kila kipande, lakini huziwasha kwa zamu, aghalabu robo kwa robo, upesi hadi jicho lidhani zinawaka pamoja. Fundi akikueleza hivyo, mkumbushe kwamba ulilipia zote 512.

Waya tumia mwembamba kabisa. Volti 5 zitachoka njiani, na herufi zitaingia hai na kutoka mahututi. Halafu funika kila kitu kwa kioo king'aavu kuzuia vumbi. Mchana kitaonyesha mawingu, lori na kichwa cha mpita njia, naye akiona nywele zilivyomea huenda akaingia. (Fundi wa jua kali atataka kukuuzia kipande cha bati ukiweke juu ya ubao kiutie kivuli. Mkatalie. Hiyo si teknolojia, na jua la asubuhi au la alasiri, barabara ikielekea kaskazini namna hii, litapita chini ya bati likuchome usoni vilevile.)

Ukifaulu, utajua saa moja jioni. Mwanga uliotosha mchana sasa umevuka lami. Mbuzi wamekodoa macho, dereva wa lori amejikinga kwa kiganja, na Ngaremara nzima inasoma KINYOZI – KARIBU. Wewe ulifunga saa kumi na mbili.