Kitambaa cha Karibu Mgeni

Tumbo langu lilinisaliti kwenye kikao cha harusi. Kama umewahi kukaa kwenye vikao hivyo, unaijua ile dakika mweka hazina anapofungua daftari kusoma nani kaahidi nini na nani bado hajatoa. Watu hukaa kimya kuliko msibani. Ndipo tumbo likaanza. Haukuwa ule mngurumo wa njaa ambao mtu anakohoa akaufunika; huu ulikuwa kama wa bodaboda inayogoma kuwaka. Mweka hazina akanitazama juu ya miwani. "Naona mjumbe ana hoja." Na mimi ahadi yangu nilikuwa sijaimaliza. Nikajiinamia.

Kosa lilikuwa glasi mbili za maziwa nilizokunywa asubuhi. Nakuambia wewe kwa siri, maana mimi ni Msukuma wa Shinyanga, mjukuu wa mzee aliyewajua ng'ombe wake kwa majina na wajukuu wake kwa kubahatisha. Msukuma kusema maziwa yanamkataa ni sawa na mvuvi wa Kilwa kusema anaogopa maji. Kwa miaka mingi nimeyasingizia maharage. Maharage ya nyumba hii yamebeba dhambi zisizo zao.

Aliyelifumbua fumbo ni binti yangu Neema, yuko kidato cha tatu, na mimi humwita Profesa. Alinieleza mezani, mbele ya kadamnasi, kwamba ndani ya maziwa mna sukari iitwayo laktosi, na ya kuisaga ni kimeng'enya kiitwacho laktesi. Kwa watu wengi duniani kimeng'enya hicho hupungua wakishatoka utotoni. Sukari ikiteremka bila kusagwa, bakteria wa utumbo mpana huivamia na kutoa gesi. "Kwa hiyo Baba haumwi," akahitimisha, "amejaa gesi tu." Mdogo wake akacheka mpaka wali ukampalia.

Huyo mdogo ndiye Mchwa. Jina lake lipo kwenye cheti cha kuzaliwa, ila tangu siku alipomaliza mkate mzima amesimama mlangoni mwa friji, hakuna anayelitumia. Na kwa kuwa utawasikia sana, ngoja nikutajie serikali nzima. Mke wangu, Mama Neema, ni Mkaguzi Mkuu. Huhesabu chenji kabla ya kuitikia salamu. Kaka yake, shemeji yangu, ni Waziri Asiye na Wizara Maalumu. Alikuja Dar kutafuta kazi, akapata kochi. Juu ya wote yuko mama mkwe, aliyetoka Newala kuja kupima macho kwa wiki mbili. Huu ni mwezi wa nane na anaona vizuri kabisa, hasa yale ninayoficha. Yeye ni Mkuu wa Mkoa. Jina hilo likimfikia, nitajua ni wewe uliyelipeleka.

Profesa ndiye aliyeandika dawa: maziwa ya korosho. Kikombe kimoja cha korosho, loweka usiku kucha, mwaga maji yake, saga na vikombe vinne vya maji safi. Basi. Hata ng'ombe hahitajiki.

Jioni ile nikiwa kwenye foleni, kijana akapita dirishani na vifuko vya korosho. Nikaona ni majibu ya sala. Usiku nikaloweka, asubuhi nikasaga, nikajimiminia glasi. Ndugu yangu, zile zilikuwa za kukaanga, tena zimetiwa chumvi. Nilikunywa supu ya mbuzi asiyekuwepo. Mkaguzi Mkuu akauliza nimetumia shilingi ngapi. Nikataja nusu ya ukweli, kiwango cha kawaida katika ndoa.

Mara ya pili nikatafuta zilizobanguliwa bila kukaangwa, nusu kilo. Nikaingia nazo nimezificha ndani ya gazeti, lakini unamfichaje korosho mwanamke wa Newala? Mkuu wa Mkoa alizinusa akiwa barazani. Akaomba kiti, na akiomba kiti ujue hotuba ipo.

Akaanza na utoto wake. Ganda la korosho lina mafuta yanayobabua ngozi, kwa hiyo walizichoma nje juu ya bati, wamegeuza nyuso kukwepa moshi, kisha wakazigonga kwa jiwe moja moja. "Punje moja, pigo moja," akasema, "na vidole ni vyako mwenyewe. Leo wewe unakwenda kuzizamisha majini?" Profesa akajaribu kuchangia kwamba mkorosho asili yake ni Brazili, na walioleta ni Wareno. Bibi yake akamgeukia taratibu. "Hao Wareno ndio walioupanda ule wa nyuma ya nyumba yangu?" Profesa akakumbuka ana mazoezi ya hesabu.

Kisha tukafika mwaka 2018, ambao hatuwezi kuukwepa nyumbani kwetu hata tukizungumzia mvua. Ule mwaka wakulima waligomea bei ya wanunuzi, Rais Magufuli akaagiza serikali inunue kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na wanajeshi wakaenda kuzisomba. "Kilo, 3,300," akarudia Mkuu wa Mkoa. "Wewe hizo nusu kilo ngapi?" Nilitaka kumfafanulia kwamba zile zilikuwa na maganda, na kilo yenye maganda ikibanguliwa hupati zaidi ya robo kilo ya punje ukibahatika. Lakini mkwe hafafanuliwi. Nikasema, "Ni kweli, mama." Kutoka jikoni nikasikia kalamu ya Mkaguzi Mkuu ikikwaruza karatasi.

Nikaloweka tena. Alfajiri bakuli lilikuwa nusu. Mchwa hakukana. "Nilikuwa naangalia kama zimelainika, Baba." Zilikuwa zimelainika.

Sasa blenda. Blenda ya nyumba hii ina miaka sita ya tangawizi na kitunguu saumu. Niliiosha mara tatu, mara ya nne nikatia ndimu, nikainusa: bado ilikuwa ukweni kwa pilau. Nikatia korosho na maji, nikabonyeza. Ikaunguruma vizuri kwa sekunde kama kumi, halafu umeme ukakatika kabla korosho hazijakatika. Ndani mkabaki maji meupe na vipande vinavyoelea.

Nikasema potelea mbali, nitachuja. Chujio la chai likaziba papo hapo. Kifumbu cha nazi kilikuwa kimeazimwa na jirani tangu Idi. Nikazunguka nyumba nzima nikitafuta kitambaa cheupe na safi, macho yakatua kwenye kochi. Mkononi mwa kochi palitandikwa kitambaa kimoja cha pamba, na juu yake mkono wa Waziri Asiye na Wizara Maalumu. Nikakivuta. Mheshimiwa akainua kiwiko bila kufumbua macho. Ndiyo kazi pekee aliyoifanya wiki ile, na namshukuru.

Nilichuja, nikakamua kwa nguvu zote, nikajisifu. Halafu nikaona maziwa yanabadilika rangi. Yanapendeza, yanakuwa ya waridi, kama sare ya kamati ya harusi. Nikakikunjua kile kitambaa. Pembeni palikuwa na ua, na katikati, kwa uzi mwekundu ulioanza kutoka rangi, maneno mawili: *Karibu Mgeni*. Kilikuwa kimedariziwa na Mkuu wa Mkoa kwa mkono wake, akatuletea siku aliyokuja.

Profesa akaingia wakati huohuo. "Baba, unachuja nini? Korosho hazihitaji kuchujwa. Zikisagwa vizuri zinaisha zote. Lozi ndizo zinazoacha machicha." Na umeme ukarudi.

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi nikapika chai. Hukuniambia, wala Profesa hakuniambia mpaka baadaye, kwamba korosho zina wanga, na maziwa yake ukiyachemsha yanakuwa mazito. Nilikoroga kwa mwiko, mwiko ukaanza kusimama wenyewe. Nikatenga mezani sufuria ya chai ya waridi inayonukia kitunguu saumu, ikaliwa kwa vijiko. Mchwa akaongeza. Waziri akajivuta kutoka kochini, akaonja, akauliza kama kuna ndimu na pilipili. Mkaguzi Mkuu hakuonja, alisoma taarifa. Kwa hesabu yake, tumbo langu lilikuwa linatumia kuliko gari, na gari hatuna.

Kilichobaki kilichukuliwa na Mkuu wa Mkoa bila kuomba ruhusa. Kulikuwa na kisamvu jikoni, akamimina humo pamoja na machicha, akafunika, akasubiri. Sijui nikuambieje. Kimya kilichoingia pale mezani ni kile cha kikao cha harusi, ila hiki kilikuwa cha heshima. Hata rangi haikuonekana. Kitunguu saumu, aibu yangu ya asubuhi, kikasifiwa.

Wakati tunanawa mikono, akaniuliza kwa upole, "Baba Neema, kwani mtindi nao unakudhuru?"

Nikafikiri. Mtindi haujawahi kunidhuru. Nikafikiri zaidi, nikamwona babu pale Shinyanga na kibuyu chake, nikagundua kwamba sikumbuki hata siku moja nikimwona akinywa maziwa mabichi. Yalikuwa ya mgando, kila siku, mpaka anazikwa. Profesa akathibitisha kutoka chumbani, bila kuulizwa, kwamba kwenye mtindi bakteria huwa wamekwisha kula sehemu ya laktosi kabla hujaunywa, kwa hiyo matumbo mengi huuvumilia.

"Mbona hukusema mapema, mama?"

"Hukuniuliza habari ya tumbo," akajibu. "Ulikuwa unahangaika na korosho. Nikajua unazipenda."

Siku hizi kwenye friji kuna kopo la mtindi lililoandikwa *BABA* kwa herufi kubwa. Mchwa, ambaye ni wa tatu darasani, hawezi kulisoma.

Kitambaa nilikifua mwenyewe, usiku, kwa sabuni na hofu. Doa lilitoka. Uzi wa mstari wa chini nao ukatoka. Asubuhi nilikirudisha kwenye mkono wa kochi, nikakaa mbali nacho kama nasoma gazeti. Mkuu wa Mkoa akapita, akasimama, akakitazama kwa yale macho yaliyopimwa. Lilikuwa limebaki neno moja tu: *Karibu*.

Nilikuwa nimeshaandaa maombi ya msamaha. Akakinyoosha kwa kiganja, akaketi.

"Afadhali," akasema. "Lile la pili lilikuwa la nini? Mgeni hapa nani?"

Nikasema, "Ni kweli, mama."